Niliwafuta akina mama saba wa maziwa ya ngamia kwa sababu ya daftari

Wakuu, salaam aleikum. Haya yalinikuta mwenyewe Garissa, na mkosaji ni mimi, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Shule niliacha darasa la saba. Nimekuwa utingo wa lori Modogashe, nimeuza laini za simu Wajir, kisha nikaangukia kwa Mama Mutua.

Huyu ni mke wa mwalimu, mtu wa Kitui. Ananunua maziwa ya ngamia kwa wafugaji na kuyauza mjini. Mimi napima, naandika jina na lita.

Sasa mimi nikipewa daftari lazima nilichokonoe. Nikajumlisha kila muuzaji kwa wiki.

Kuna boma moja lenye akina mama saba, na kila mmoja wao alileta maziwa mara moja tu kwa wiki, siku yake. Na siku hiyo moja, mitungi imejaa!

Nikajiambia hawa ni wachuuzi, wananunua maziwa ya wengine na kujifanya wafugaji.

Friji yetu ilikuwa imejaa, Mama Mutua anatafuta wa kupunguza. Nikamwonyesha. Akasema, "Wabaki wa kila siku." Nikamwambia dereva asipitie tena kwa wale saba.

Siku ya tatu akaja mmoja wao, Mama Halima. Akasimama mbele ya mizani.

"Wewe kijana, nani alisema mimi mchuuzi?"

"Daftari, mama. Kwani ngamia wako hukamuliwa Jumanne peke yake?"

Alicheka mpaka akashika mlango. "Wallahi huyu! Ngamia yangu iko na kalenda?"

Kisha akaacha kucheka.

Akanieleza kwamba kila mmoja anakamua lita chache. Pesa yake kwa siku inaishia kwenye sukari. Kwa hiyo wanaweka pamoja, na kila siku maziwa yote yanaandikwa kwa jina la mmoja. Yeye Jumanne, Amina Jumapili.

"Amina ametoa maziwa yake siku sita kwa sisi. Siku yake imefika, gari yako haikuja. Ilikuwa karo ya msichana wake. Shule imefungua jana."

Wakuu, nikafunga daftari.

Nikaenda kwa Mama Mutua, nikakiri. Alinigombeza kisawasawa, lakini kesho yake gari lilipitia kwao tena. Wenzake walimpa Amina siku ya kwanza. Binti aliingia shule akiwa amechelewa karibu wiki nzima, na hiyo wiki siwezi kumrudishia.

Kinachonisumbua ni kwamba hesabu yangu ilikuwa sahihi, kila mstari. Nilijua lita zote, ila sikuwahi kumuuliza mtu hata mmoja wanavyoishi.

Siku hizi naandika majina mawili: aliyekamua na anayelipwa.

Ninyi mnaonunua maziwa, ngozi au simsim kwa watu wadogo wadogo, mnaandikaje? Mwenye njia bora anifundishe, bado najifunza.