Niliyemwamkia kwenye Picha ya Mafuta

Niliamini kabisa kwamba mchoraji wa Ngulyati alikuwa anachanganya rangi zake na mafuta ya marehemu. Usicheke. Tuliambizana kwenye masomo ya jioni, watu wazima na ndevu zetu tumebanana kwenye madawati ya watoto: si mwenyewe anaziita picha za mafuta? Mafuta ya nani, basi? Ndiyo maana waliokufa wanatokea humo wakiwa hai. Na mimi yalinikuta kweli, kwa macho haya.

Mimi ni seremala. Mchana mmoja nilimpelekea fremu kwenye ghala la zamani la pamba alilopanga. Mlango wazi, mwenyewe hayupo. Ukutani ng'ombe alikuwa anakunywa maji mawinguni, na kila unywele wake ungeuhesabu. Pembeni yake, mama yangu. Amekaa kwenye kigoda, pamba inanyesha kwenda juu, jasho limesimama juu ya mdomo wake.

Mama alifariki nikiwa na miaka mitano. Picha yake moja tuliyokuwa nayo ililiwa na mchwa. Sura yake nilibaki nayo kichwani tu, nayo ilikuwa inafifia. Wewe ungefanyaje? Nilipiga magoti, nikamwamkia mama kwa Kisukuma, kama nyumbani: "Mwadila, mayu." Niamini, alipepesa jicho. Nilitoka mbio ambazo nusura zinifikishe Mwanhuzi.

Lakini mama ni mama. Nilirudi. Mchoraji, kijana mpole mwenye rangi kwenye kucha, alinionyesha chupa akasema ni mafuta ya mbegu tu. Mchawi gani atakiri? Kumuuliza alimpata wapi mama sikuthubutu. Akasema picha imeshapata mteja, kesho inakwenda Mwanza. Nikaomba asubuhi moja tu, nikampigia simu dada yangu Nkwimba, aliyenilea, aje tumuage mama. Anaishi palepale Ngulyati, ingawa mwaka ulikuwa umepita sijakanyaga kwake.

Tangu siku hiyo kila Jumapili nakula kwa dada. Nawe nakuonya: usikimbilie kumlilia wa ukutani kabla hujamtazama vizuri aliye hai. Maana Nkwimba alipofika alisimama mbele ya ile picha, akakaza kilemba chake, wala hakulia.

"Mdogo wangu, huyu ni mimi," alisema. "Nimekaa kwenye hicho kigoda siku tatu. Mama hakuwahi kufika umri huu."