Kitenge Kilichopita Kwenye Mashine ya Alizeti

Kwanza niweke jambo moja sawa, maana huko mnadani Mtinko linasimuliwa vibaya: sikuwa uchi. Nilikuwa na gagulo, tena gagulo jipya, refu mpaka chini ya magoti, na aliyeona zaidi ya hapo macho yake yana matatizo. Aibu niliipata, sikatai, na niliitafuta mwenyewe, lakini naujua ukubwa wake na sitaki mtu aniongezee.

Kikundi chetu cha akina mama tunakamua alizeti. Zamani mjazaji wa chupa nilikuwa mimi, kwa jagi na faneli, na mkono wangu ulikuwa na sifa kwa sababu siiachi chupa mpaka mafuta yaguse kifuniko, na mteja akija na dumu lake namwekea nyongeza bila kuombwa (wewe ukinunua nyanya usipewe nyongeza, utarudi kwa muuzaji yule?). Basi Mzee Hasmukh, mwenye duka la jumla Singida mjini, akaturudishia mafuta yetu, eti chupa hii imejaa mpaka shingoni, ile imepungua, wateja wake wanagombania zilizojaa na nyingine zinabaki kwenye rafu. Nilikasirika sana. Zile zilizopungua alizijaza mtu mwingine siku niliyokuwa msibani.

Ndipo kikundi kikaleta mashine ya kujazia. Chupa zinatembea zenyewe kwenye mkanda, kuna jicho linaiona chupa ikifika, bomba linamimina kipimo kilekile kwa kila moja, halafu mbele kidogo kichwa cha chuma kinashuka kukaza kifuniko. Hakuna mkono unaogusa mafuta, hakuna nzi, na kazi tuliyokuwa tunaimaliza jioni migongo ikituuma sasa inaisha kabla ya chai. Ni nzuri, siwezi kusema uongo. Lakini aliyepelekwa kujifunza kuiendesha ni Tumaini, mke wa mwanangu Yona, na mimi nikapewa kitambaa nifute chupa. Yaani mkwe wangu anabonyeza, mimi nafuta. Niambieni kama hiyo ni haki.

Ikafika siku ya Mzee Hasmukh kuja kuiona hiyo mashine kwa macho yake. Akiridhika, mafuta yetu yanarudi dukani kwake. Asiporidhika, wote tunarudi kukaa na madumu barabarani juani, na mashine tunaitazama tu. Wenzangu walivaa makoti meupe, kofia za nywele na suruali. Mimi nikafunga kitenge. Tumaini akaniambia kwa adabu zake zote kwamba kitenge kinaning'inia, karibu na mkanda si salama, nivae suruali kama wenzangu. Mimi, suruali, mbele ya mkwe? Nikamwambia aangalie mashine yake.

Sasa Tumaini akatoka kwenda kumpokea mgeni getini, mimi nikabaki natazama zile chupa za majaribio, na kila moja ina nafasi tupu chini ya kifuniko. Alishatueleza kwamba nafasi ile imeachwa makusudi, mafuta yakipata joto yanatanuka, na nilimsikia vizuri. Lakini mgeni anakuja na sisi tunamwonyesha chupa pungufu? Kwa mkono wangu mimi? Nikasogea pale pa kubonyezea nikagusa alama ya kujumlisha. Miwani nilikuwa nimeisahau nyumbani, namba sizioni, nikagusa tena ili niwe na uhakika, na tena kwa ukarimu.

Mgeni akaingia na shati lake jeupe, tukamwamkia, Tumaini akaiwasha. Chupa ya kwanza ikajaa, ikafurika, ya pili ikafurika, kile kichwa cha chuma kikashuka juu ya chupa iliyojaa pomoni na mafuta yakaruka moja kwa moja kwenye miwani ya Mzee Hasmukh. Tumaini akaukimbiza mkono wake kwenye kitufe chekundu cha kuzimia, lakini mimi nilishatangulia mbele yake, nimeinama juu ya mkanda nafuta, kwani si ndiyo kazi niliyopewa? Mkanda ukashika ncha ya kitenge. Fundo likafunguka. Kitenge changu kikaondoka taratibu kama kinakwenda safari, jicho likakiona, likadhani ni chupa, na bomba likakimiminia kipimo chake pamoja na nyongeza yangu yote. Hapo ndipo mashine ikajizima yenyewe, ikawasha taa nyekundu na kupiga king'ora, kana kwamba mwizi ni mimi.

Mzee Hasmukh alivua miwani, akaifuta na leso, na kuanza kuangalia mlango. Akauliza nani aliyeipanga mashine hivi. Wenzangu wote wakatazama bati.

"Ni mimi, baba," Tumaini akasema. "Nilikosea vipimo."

Mzee akatikisa kichwa, akasema kama mwendeshaji mwenyewe hajui vipimo basi yeye anaondoka. Na mimi nimesimama pale na gagulo langu, mafuta yanachuruzika miguuni, namtazama mtoto wa watu anavyolibeba kosa langu, na hasira yote niliyokuwa nayo juu yake ikanigeukia.

"Mzee, usiondoke," nikasema. "Nimebonyeza mimi. Huyu alishatueleza nafasi ile imeachwa makusudi, nikapuuza."

Alinitazama usoni tu (ni mtu wa heshima). Akamwambia Tumaini afute mkanda, arudishe kipimo chake, aanze upya. Chupa zikatoka, mafuta usawa mmoja mpaka ya mwisho. Akakubali, kwa sharti kwamba pale pa kubonyezea pawekwe kifuniko na kufuli, na akasema hivyo akinielekea mimi.

Kufuli lipo. Ufunguo anao mkwe wangu, kauvaa shingoni. Kila asubuhi ananiamkia shikamoo mama, naitikia marahaba, halafu ananipa mgongo ndipo anafungua, na hilo linaniudhi mpaka leo. Sijagusa tena pale na sitagusa. Na suruali navaa. Aliniletea yeye Tumaini, imenikaa vizuri, na asije mtu akaenda kuisimulia vibaya mnadani.