Mbawala wa Baba na Kisu cha Mtani

Nilipokuwa mtoto pale Nyangamara nilikuwa na mbio ambazo hata mbwa wa baba walikuwa wakiziheshimu. Msinikatize. Shule niliishia darasa la tano, lakini kwenye mbio mimi ndiye niliyekuwa mwalimu. Nayasema haya mapema kwa sababu bila miguu yangu ile, dada yangu Zuhura huenda asingezaliwa salama. Ndivyo ilivyoaminiwa nyumbani kwetu, na mimi sijawahi kukataa sifa ninayopewa bure.

Mwaka huo mama alikuwa na mimba kubwa, amekaribia kujifungua. Baba alikuwa mwindaji wa nyavu na mbwa, zama zile askari wa wanyamapori walikuwa hawajaanza kutufuata mpaka vichakani. Bibi, mama yake baba, alimwambia uani mbele yetu sote, "Mwanangu, nyumba yenye mimba haipasui mnyama mwenye mimba. Ukimkuta jike ana kitu tumboni, mfungulie aende zake. Kitoto cha mnyama kikitolewa kwa mkono wako, kitamwita wa kwako."

"Nimesikia, mama," baba akaitikia. Alikuwa mtu wa kuitikia.

Asubuhi moja mbwa wakamwingiza mbawala wavuni. Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Baba alisema ni yeye, lakini Mungu amrehemu, tusigombane na marehemu. Mnyama alikuwa amejisokota kwenye kamba, macho yanageuka, mbwa wanamvuta huku na huku. Kwetu sisi Waislamu hofu hapo ni moja tu, asife kabla kisu hakijafika shingoni akawa kibudu, nyama yote tukawaachia fisi. Baba akaruka, akamlaza kuelekea kibla, "Bismillahi, Allahu akbar," akachinja. Kwa haraka ile nani angekumbuka kutazama tumbo?

Tukamvuta kivulini, tukamlaza chali juu ya matawi mabichi. Kumpasua mnyama porini kuna ustaarabu wake, na baba alikuwa fundi. Huchomi kisu kama unafyeka shamba. Unachana kidogo chini ya kidari, unaingiza vidole viwili, kisu kinafuata katikati yake makali yakitazama juu, ili usitoboe utumbo. Ukiutoboa, hata mbwa watakucheka. Mimi nilishika miguu ya nyuma nikiipanua. Tumbo likafunguka, likatoa mvuke. Baba akapeleka mkono ndani kutafuta kibofu, huku akinisimulia maini tutakavyoyachoma palepale, kisha sentensi ikamkatikia mdomoni.

Akautoa mkono polepole. Kisu akakilaza kwenye majani.

"Usitazame," akaniambia, kwa hiyo nikatazama. Kulikuwa na mfuko mweupe unaong'aa, na ndani yake kitu kimejikunja, kwato zake laini kama kucha za mtoto mchanga.

Baba yangu niliwahi kumwona akimtoa chatu bandani kwa kumvuta mkia. Siku hiyo alikaa chini, mikono ameinyoosha mbele, mbali na mwili, kama ameiazima. "Kamwite mtani," akasema. "Athumani. Mwambie nimeshikwa."

Sisi ni Wamwera, na Wangindo ni watani wetu. Mtani atakutukana mbele ya wakwe zako na kuku wako atamchukua, lakini likikufika la kukufika, ndiye anayeingia pale ndugu asipoweza. Lililokushika wewe, yeye halimshiki. Basi nikatimua mbio. Jua lilikuwa linapanda, na mnyama aliyefunguliwa nusu hasubiri, nyama inaharibika.

Athumani nilimkuta shambani kwake akifukuza ndege kwenye mtama.

"Shikamoo, mtani!"

"Marahaba, mtumwa wangu. Mbona unakimbia? Leo mmeonyeshwa maji ya kuoga?"

Nikamweleza, pumzi zinakatika. Akacheka mpaka ndege wote wakaruka bila kurushiwa jiwe. Lakini niliona kwamba huku anacheka kisu ameshakichomoa kwenye makuti ya kibanda, na njiani alitembea kwa namna ambayo mimi, pamoja na sifa zangu zote, ilinibidi nikimbie kumfuata.

"Mtazameni Mmwera!" akapiga kelele tulipofika. "Umeua mke wa mwenzio kwa ulafi, sasa umekaa kama bibi harusi. Ondoka kwenye nyama yangu!"

Mtani akitukana kwa kazi hiyo hajibiwi, wala hashukuriwi. Athumani akamsukuma baba kwa goti, akapiga magoti mwenyewe. Akatukana mapishi ya kwetu, akawatukana babu zetu, akafika mpaka kwenye masikio yangu, na muda wote huo mikono yake ilikuwa inafanya kazi kwa upole kama anamvua nguo mtoto aliyelala. Akautoa ule mfuko mzima, haukutoboka. Akaupeleka kwenye kichuguu, akachimba, akaufukia. Aliporudi hakuwa anacheka.

"Huyu nimemzika mimi, ni wa kwangu. Na yule aliyeko nyumbani nimemchukua, ni wa kwangu pia. Wa kumwita aniite mimi."

Kisha akamalizia kazi. Nyongo akaitenga na maini, akafuta ndani kwa majani makavu, akatangaza kwamba nyama yote ni yake na nyumba yetu haitaonja hata mchuzi. Mguu mmoja wa nyuma nikabebeshwa mimi, niupeleke kwake! Maini yale nayakumbuka mpaka leo.

Kijitoni baba alinawa sana. "Sugua," Athumani akamwambia, "na taka za mwaka jana nazo zitoke." Baba akacheka, cheko la ghafla, la kukatikakatika, kisha akainama akajimwagia maji usoni muda mrefu.

Zuhura alizaliwa mnene, mwenye sauti. Leo anauza wali na samaki pale Nangurukuru, na sauti hiyo inawashusha abiria kwenye mabasi.

Je, kitoto cha mbawala kingeweza kumwita? Hadithi hii nimeisimulia mahali pengi, na kuna siku nimeongeza simba, lakini swali hilo sijui kulijibu. Ninachojua nilikijua ukubwani, mke wangu alipopelekwa hospitali kwa uzazi wetu wa kwanza na mambo yakawa magumu. Mwanangu alizaliwa salama, ana miguu yangu. Lakini kabla ya hapo nilikaa nje kwenye benchi, na kila aliyepita alinipa neno jema. "Mungu yupo, kaka." "Vuta subira." Niliitikia, nikashukuru, na hofu ikabaki palepale. Walikuwa watu wenye adabu sana. Nilichokuwa nakitaka ni mtu mmoja tu anitukane.