Ngao za Mviringo

Kaka yangu alizikwa Tanga nikiwa ng'ambo, Al Quoz, ndani ya karakana ya mbao, napiga msasa. Simu ilikuja asubuhi, na kufika alasiri walikuwa wameshamzika. Sikumwambia mtu ila arbab wetu, mwenye karakana, kwa sababu nilitaka ruhusa ya kwenda nyumbani. Akasema nitaipata tukimaliza kazi ya hoteli vizuri. Ikiharibika, ningojee mwaka mwingine.

Kazi yenyewe ilikuwa ngao ishirini za askari wa Roma ya kale, za kushikwa na waigizaji kwenye maonyesho ya hoteli. Msimamizi wetu, Mkenya, alipewa maelezo kwa Kiingereza, naye akanipa kwa mdomo: "Urefu mita moja, ziwe na mviringo. Yalla, anza."

Kwetu mviringo ni duara. Nikakata duara za mita moja, nikalainisha kingo, nikafunga mishikio. Siku ya tatu msimamizi akaingia, akasimama mlangoni.

"Wewe Mbongo, hizi ni ngao ama sinia za pilau?"

"Si ulisema mviringo?"

"Mviringo ya kupinda, buda! Kama pipa limepasuliwa! Nani alikuambia duara?"

Tukacheka. Kisha tukahesabu nilizokata, zilikuwa nane. Plaiwudi iliyobaki isingetosha kuanza upya, na madam wa maonyesho alikuwa anakuja kukagua mchana ule ule.

Alikuwa mama wa Kimisri aliyesomea mambo ya kale. Hakufoka. Alipapasa ukingo wa ngao moja, akauliza nani kaikata. Nikainua mkono. Halafu, kwa kiwewe tu, nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza: mbao huoza, sasa watu wamejuaje zilivyokuwa?

Akavuta stuli, akakaa, akafungua picha kwenye kompyuta yake. Alinionyesha askari waliochongwa kwenye mawe kule Roma, wameshika ngao za pembe nne zilizopinda. Akanionyesha ngozi kuukuu zenye matundu ya sindano. Zilikuwa mifuko ya kufunikia ngao, na mfuko humwambia mtu umbo la kilichokuwa ndani. Ngao ya mbao ya namna ile, alisema, imepatikana moja, Syria, nayo ilikuwa vipande vipande. Ilikuwa na matabaka matatu ya mbao nyembamba, yamegundishwa kwa kupishana. Plaiwudi kabisa! Imepakwa nyekundu, ina tai na simba.

"Na hizo nyingine zilikuwa na michoro gani?" nikauliza.

"Mingine imechongwa, lakini rangi zimefutika kwenye mawe. Nyingi hatujui."

Nilipenda alivyosema hatujui bila aibu.

Akageuza picha nyingine. Wabeba bendera za jeshi, na ngao zao zilikuwa ndogo, za duara.

Msimamizi akadakia papo hapo: "Ndiyo madam, hao ndio tulikuwa tunawatengenezea hizi."

Mlango wa kujinasua ulikuwa wazi, ningepita tu. Lakini yule mama alikuwa ametoka kuniambia asichokijua.

"Hapana, madam," nikasema. "Mimi sikujua. Nilielewa vibaya, nikakata vibaya."

Msimamizi akanikanyaga mguu. Madam akatutazama mmoja mmoja, akacheka mpaka akavua miwani.

"Wabeba bendera na wapiga baragumu wangu ni sita," alisema. "Punguza sita ziwe ndogo. Mbili siwezi kuzitumia. Kumi na nne za kutimiza ishirini zipinde, na zipake nyekundu, maana rangi hiyo angalau tumeiona."

Plaiwudi ikatosha, kwa shida. Tuliipinda nyembamba, tabaka juu ya tabaka, tukaikaza kwa mikanda mpaka gundi ikashika. Msimamizi hakusema nami siku mbili. Ya tatu akaniletea chai ya maziwa, akasema, "Kesho ukiulizwa kitu, wacha mimi nijibu, sawa?"

Madam alizipokea zote. Arbab akasaini karatasi yangu amesimama. "Khalas, nenda." Nilihisi mabega yameshuka, kama mtu aliyetua gunia.

Nikampigia mama yangu, Tanga. Hakuuliza ruhusa nimeipataje. Aliuliza tu kama wamsakafie kaka kaburi lake sasa, au wangojee mkono wangu.

Nikamwambia wangoje.