Masizi ya Habuba

Nilipokuwa mtoto kule Oli, Arua, nyumbani kwetu mjinga alikuwa mmoja tu, mdogo wangu Zamzam. Hivyo ndivyo bibi yetu, ambaye sisi Wanubi tunamwita habuba, alivyowatangazia wageni.

Zamzam akisikia sura mara moja madrasa, ameshaishika. Mimi, dada mtu, wiki nzima nakwama palepale. Hata hesabu zangu za shule alinifanyia yeye, na alikuwa madarasa mawili nyuma yangu! Lakini mgeni akipiga hodi, Habuba alichota masizi chini ya sufuria, akampaka Zamzam kwenye paji la uso.

"Hii mtoto iko mjinga kabisa," alisema. Kisha alinisukuma mimi mbele. "Akili yote iko kwa Halima."

Wallahi niliamini. Kichwa kilinivimba! Nikifeli, nilijiambia mwalimu kakosea, nikasoma tena. Kwa ubishi huohuo nikafika hadi uuguzi. Zamzam alipomaliza darasa la saba alisema shule ni ya wenye akili kama mimi. Akaacha, akaolewa Koboko.

Habuba alipougua, nilimuuguza mimi. Siku moja nikamtania, "Habuba, mjukuu wako mwerevu hata uji wako ameuunguza."

Akanitazama kwa huruma. "Mwerevu ilikuwa Zamzam. Mtoto ya akili hapana sifu mbele ya watu, jicho yao itakula yeye. Nilisifu wewe, jicho iende kwako. Kwako ilikuwa hakuna kitu ya kula."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, halafu hayakukatika.

Baada ya mazishi nilikwenda Koboko. Nilimkuta Zamzam barazani akisuka tabaga, kile kifuniko chetu cha chakula, kwa nakshi aliyoitunga kichwani bila kuichora popote. Nikamweleza yote. Mikono yake ikasimama.

"Kumbe mimi sikuwa mjinga, dada?"

"Hata siku moja. Nisamehe, mdogo wangu."

Akainuka, akaingia jikoni. Niliogopa anakwenda kulia. Akarudi na masizi kwenye paji la uso, mama mzima wa watoto watano, akaketi mbele yangu.

"Haya, nisifu sasa. Pole pole. Usiache kitu."

Nilianzia madrasa, na adhana ya alasiri ilitukuta bado niko kwenye hesabu. Kama jicho la watu linakula kweli, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba nilikula sifa za mdogo wangu utoto mzima, zikaninenepesha, na hata leo sijamaliza kumrudishia.