Siku Somo Wangu Alipomfunda Mume

Nakumbuka siku moja ya mvua kule Nyangamara, nimekaa nyuma ya nyumba ya mama nabangua korosho, nikamwona mshenga wetu anakuja kofia mkononi. Mwanangu, mshenga akija amevaa kofia ana salamu. Akija ameishika, jua kuna jambo. Na jambo lenyewe lilikuwa langu.

Nilikuwa nimeolewa miezi michache tu. Sikuwa mtoto. Nilishavuka miaka ishirini na wenzangu wengi walikuwa wamenitangulia. Mume wangu Selemani alitoka huko Kilwa ya bara akaja kuishi kwetu, maana kwa desturi zetu za wakati ule mume ndiye aliyekunja mkeka wake na kuhamia kwa wakwe. Kwa hiyo ndoa ikivunjika, mwanamke harudishwi popote. Mwanamume ndiye anayeondoka na jembe lake begani, na mwanamke anabaki palepale, kijiji kizima kikimtazama kutafuta kasoro yake iko wapi.

Mshenga, Mzee Bakari, alikataa hata maji. Akamwambia mama, "Bwana ana malalamiko. Anasema mke hajafundwa. Akilala naye ni kama amelala na gunia la mihogo. Mambo yakibaki hivi mpaka Ijumaa, anarudi kwao."

Hajafundwa! Ninyi wa leo mtacheka, lakini neno hilo halikumpiga mke peke yake. Kila bi harusi alikuwa na somo wake, mwanamke mtu mzima aliyemfundisha mambo ya unyumba. Mke akiitwa hajafundwa, aliyetukanwa ni somo. Lawama ile haikukaa kwa mama hata dakika. Ikapelekwa kwa Bi Esha.

Bi Esha alikuwa mjane, mfupi, ana mdomo kama wembe na mfuko wa ugoro kiunoni. Mwanamke yule sijaona wa pili wake mpaka leo, na nimeishi sana. Wanaume walikuwa wakimwona njiani wanazima sigara, wala hakuwa ndugu yao.

Sasa nikuambie ukweli, usimwambie mama yako kwamba nimesema. Selemani nilimpenda. Alikuwa mkulima hodari, hana mkono wa kupiga, tena mpiga ngoma wa kusifika. Akishika ngoma hata wagonjwa wanatikisa mguu. Ila chumbani! Chumbani alikuwa na mwendo wa mtu aliyeacha wali jikoni. Unasikia hodi, kabla hujaitika karibu, mgeni ameshaaga. Dakika hiyo hiyo anakoroma. Mimi nikawa natazama makuti ya paa nikiyahesabu, na sikusema neno, kwa sababu nilidhani mke mwema ni yule asiye na haja yake mwenyewe.

Bi Esha akatuita uani kwake baada ya sala ya alasiri, mimi, Selemani na Mzee Bakari. Mama hakuja. Mtu na mkwewe hawakai baraza moja kwa maneno kama yale.

"Shikamoo, Somo," Selemani akasema.

"Marahaba. Kaa hapo. Nasikia umeoa gunia."

Selemani akainamisha kichwa. Mzee Bakari akakohoa kikohozi cha uongo.

"Sikusema kwa ubaya, Somo. Ni kwamba hana habari na mimi."

"Tutaona. Kabla sijamhukumu mwanafunzi wangu, hebu nichangamshe kidogo. Watu wanasema mkono wako unaisemesha ngoma. Ichukue ile pale."

Ngoma ilikuwa imeegemea ukutani, na mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Selemani akaiweka kati ya magoti, akapiga. Pwata. Akapiga tena. Pwata. Sauti ya kandambili kwenye tope.

"Hee!" Bi Esha akasema. "Ndiyo sifa yote hiyo? Mzee Bakari, ngoma hii naona haijafundwa."

Selemani akapandwa na hasira ya fundi. "Somo, usiisingizie ngoma! Hii imelala kwenye unyevu. Ngoma haipigwi hivi hivi tu. Unakoka moto kwanza, unaizungusha taratibu, unaigusa kwa kidole, unaisikiliza. Ikisema bado, unairudisha motoni. Mtu hana haraka na ngoma."

"Kwa hiyo inasikilizwa?"

"Inasikilizwa, Somo! Yenyewe ndiyo inakuambia iko tayari. Mpigaji mwenye papara anachosha mikono yake bure halafu anakwenda kulaumu ngo..."

Hapo nilimwona kabisa alipojisikia. Masikio yalimsimama kama ya sungura. Mzee Bakari alicheka mpaka kofia ikaanguka topeni.

Bi Esha hakucheka. Akachota ugoro, akapiga chafya, akajifuta. "Selemani, baba yangu, jandoni walikufundisha nini?"

"Ujasiri, Somo."

"Ujasiri. Kwani huko chumbani kuna simba?"

Nikashindwa kujizuia, nikacheka. Ndipo akanigeukia mimi, na mwanangu, nilitamani mvua inifunike.

"Wewe unacheka nini? Ngoma ni mti na ngozi, haina ulimi, na bado inasema. Wewe unao ulimi, sokoni tunausikia. Umelala kimya miezi yote unangoja mwenzako aote? Nilikufunda kumpendeza mumeo. Nani alikuambia wewe kupendezwa ni haramu?"

"Niliona haya, Somo."

"Haya! Mficha uchi hazai. Na nyote wawili nisikilizeni, msije mkadhani mmoja ni ngoma na mwingine mpigaji. Hapana. Ninyi ni wapigaji wawili. Asiyemsikia mwenzake anaharibu shughuli ya wote." Kisha akamwambia Mzee Bakari, "Okota kofia yako. Ukawaambie wanaouliza kwamba mke amefundwa. Aliyebaki nyuma ni bwana, naye ameanza leo."

Ungedhani yaliishia hapo. Hayakuishia. Uani kwa Bi Esha ukuta ulikuwa wa fito, na fito zina masikio. Kesho yake vijana kisimani wakawa wanamwita, "Selemani, una kiberiti?" Kina mama wakimpita wanaziba midomo kwa kanga. Mwanamume anaweza kuvumilia njaa, lakini kuchekwa hakuvumilii, na yeye alikuwa mgeni pale, hana hata kaka wa kumtetea. Hakusema na mimi. Alilala ananipa mgongo. Nikajua Ijumaa nitabaki nimesimama mlangoni nikitazama kisogo chake.

Ijumaa ikafika. Aliporudi kutoka msikitini nikakuta mkeka wake umekunjwa na jembe limeegemezwa mlangoni. Kwangu ilikuwa ni kusema siku ile au kunyamaza maisha yangu yote. Nikasema.

"Selemani, mimi nakutaka. Ila nakutaka uje taratibu, na uningoje."

Akanitazama kama anayeniona kwa mara ya kwanza. "Mbona hukusema?"

"Mbona hukuuliza?"

Tukatazamana. Akaanza kucheka yeye, nikafuata mimi, tukacheka mpaka kuku wakakimbia. Jembe akaliingiza ndani, mkeka akautandika. Yaliyofuata niachie mwenyewe. Nitakuambia neno moja tu, aliuliza, na mimi nikajibu.

Na hapa ndipo ninapomvulia kilemba Bi Esha. Mwanamume akishajifunza kuuliza chumbani, kinywa hakifungiki tena. Selemani akawa anauliza shambani, mwaka huu tupande ufuta au mtama? Akauliza binti zetu wasome mpaka wapi, na nilipojibu mpaka wachoke wenyewe, akasema sawa. Nikiumwa alipika, ugali wake mbaya kama udongo, nikaula. Amekufa mikononi mwangu, mzee wangu, hajawahi kuniamuru jambo ambalo hakuniuliza kwanza. Mungu amlaze pema.

Juzi nilialikwa kwenye kicheni pati huko Mitwero. Muziki mkubwa, mwali kapambwa, na mama mmoja wa kipaza sauti anamwambia mume ni mfalme, usimnyime, usimchoshe, usimuulize alikotoka. Nikanyoosha mkono. "Na bwana harusi yuko wapi anafundwa saa hizi?" Mjukuu wangu akaninong'oneza, "Bibi, yuko Mtanda na wenzake, wanakula nyama choma." Nikasema basi na huyu mwali mpeni nyama, maana hapa mmefunda nusu ya nyumba. Wakubwa waliguna. Mabinti walipiga vigelegele.

Basi mwanangu, nakuambia bila kuzunguka. Ukiwa binti, haja yako si aibu na kimya chako si heshima. Sema mapema, sema kwa upole, na ukisema hapana maana yake hapana, hata kama una pete kidoleni. Asiyetaka kusikia asikuondolee usingizi, mwache achukue jembe lake. Na wewe kijana wa kiume, usijifiche, nakuona. Kumuuliza mkeo hakukupunguzii kitu. Haraka haraka haina baraka, na hapo hata furaha haina. Mkitaka kufunda, fundeni wote wawili, mkeka mmoja, siku moja.

Mwenyezi Mungu awape nyumba zenye kicheko, wenza wenye subira, na ndimi zisizoogopa kusema kweli ndani ya milango yenu. Na kila binti wa pwani hii apate mwanamke mmoja wa kumsemea, mpaka siku atakayoweza kujisemea mwenyewe. Amin.