Mkate wa Safari wa Mama Mudogo

Siagi ya ng'ombe ikianza kuyeyuka kwenye kikaango, kabla haijabadilika rangi, hutoa harufu ya maziwa na moshi. Shule niliiacha mapema, lakini kuuliza sikuacha, na kuulizauliza huko kumenilaza katika miji mingi ya kando ya ziwa letu. Popote nikutanapo na harufu hiyo, narudi uani kwa bibi yangu, tuliyemwita Koko, pale Mulongwe, kando ya mto, nina miaka kumi na mikono imejaa unga.

Mama Mudogo, mdogo wake mama yangu, alikuwa amerudi kutoka Maroko. Aliondoka akisema anakwenda Ulaya. Miaka minne baadaye alishuka kwenye gari la Bujumbura na mfuko mmoja wa nguo. Kwetu msafiri haingii nyumbani bila mkate wa safari, hata uwe wa jana. Yeye aliingia mikono mitupu. Majirani walikuja kumpa pole huku macho yao yakitafuta mizigo.

"Ulaya iko namna gani?" walimuuliza wakicheka.

Koko hakumuuliza lolote. Alimwachia kitanda chake, akawa anakula naye kimya. Niwaambie ukweli, mimi niliona kimya kile ni hasira, na Mama Mudogo aliona vivyo hivyo. Ndipo akaamua kumpikia mama yake mkate wa huko, harsha, uwe mkate wake wa safari japo umechelewa.

Hauhitaji tanuri. Unataka siagi, maziwa, chumvi na semoule, yaani ngano iliyosagwa ikabaki na chembe kama mchanga. Semoule tulipata pakiti moja tu, kutoka Bujumbura. Siagi na maziwa tulinunua kwa mama mmoja aliyeshuka navyo kutoka kwa wafugaji wa milimani.

Wa kwanza ulipasuka tulipougeuza, kama tope la mto likikauka. Akaongeza maziwa, wa pili ukang'ang'ania kikaango. Akapunguza makaa kwenye babula, jiko letu la makaa. Wa tatu niliukanda mimi, kwa nguvu zote, kama nilivyofundishwa kusonga bugali.

"Weye unakanda ao unapigana?" Mama Mudogo akaniuliza.

"Napiga madonge yaishe."

Ulitoka mgumu hata kuku akaudonoa mara moja, akaenda zake.

Ikabaki semoule ya mkate mmoja. Safari hii aliigusa kwa ncha za vidole tu, akaisugua na siagi, akamimina maziwa. Mkono ukateleza, maziwa yakazidi.

"Imekuwa uji," alisema, akakaa chini. "Basi."

Wakati huo mvua ilishika milimani, na mtu wa Mulongwe anajua kwamba mvua ya milimani haiishii huko. Tulifunika bakuli kwa sahani, tukakimbilia ndani kupandisha magodoro juu ya meza. Mto ulijaa, ukanguruma, ukapita bila kuingia kwetu. Tuliporudi, ule uji ulikuwa umejikaza. Ukiubonyeza unaitika kama udongo wa chungu.

Mama Mudogo alicheka peke yake. Huko Maroko, mjini Rabat, alifanya kazi kwa mama mmoja ambaye, kila alipomaliza kuchanganya, alimtuma dukani kununua kiberiti.

"Minye nilizani ananificha siri yake," alisema. "Kumbe alikuwa anangojea unga unywe maziwa."

Mkate wa nne ulitoka mzima, wa rangi ya mchanga wa ziwani. Koko aliumega, akautafuna polepole kwa meno aliyobaki nayo.

"Sasa umefika, mwanangu," alisema.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mkate ule ndio ulioondoa hasira ya Koko. Mwaka jana nilirudi kutoka Kalemie, biashara imeniharibikia, mfuko mmoja begani. Koko hayupo tena. Mwenye nyumba ni Mama Mudogo. Sijakaa vizuri, jirani akaanza, "Na weye, miaka yote hii ulikuwa wapi?"

Mama Mudogo, mikono yake ina semoule, alifunika bakuli, akaniambia niende dukani nikanunue kiberiti.

Kiberiti nilikiona pale dirishani, kimejaa. Ndipo nilipoelewa kimya cha Koko: hakikuwa hasira, alikuwa anangojea. Nikaenda, bila haraka.